Jiwe la Mkaguzi

Mkaguzi alikagua nguo akiwa amefumba macho. Wafanyabiashara wageni walidhani mzee wa watu amesinzia, na wapo waliomgusa bega kumwamsha. Kumbe alikuwa akipitisha ukucha wa dole gumba juu ya mshono, polepole, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Ukucha ukikwama, alifumbua macho na kusema, "Hapa." Ukitazama hapo huoni kitu. Ukivuta kidogo, uzi unaachia.

Ukucha huo aliufuga. Nyingine zote alizikata fupi, lakini ule wa dole gumba la kulia ulikuwa mrefu, umechongwa vizuri, na aliupaka mafuta ya alizeti niliyomletea mimi kutoka Singida. Nilimwambia mara ngapi kwamba yale ni mafuta ya kupikia, na kwamba nimesumbuliwa uwanja wa ndege kwa ajili yake. Alinijibu kwamba na kidole nacho kinakula.

Sijui alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani. Sikumuuliza, na Guangzhou watu hawaulizani sana mambo hayo. Kule wewe ni mji uliotoka na bidhaa unayonunua. Mimi nilikuwa Mama Singida, nguo za watoto. Yeye alikuwa Mhindi anayesema Kiswahili cha Mwanza, kwa sababu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo huko kwa miaka mingi, mpaka kiwanda kikafungwa, naye akazifuata nguo zilikokwenda. Alipanga chumba mtaa wa Kangle, katikati ya karakana za kushona, ghorofa ya tano, bila lifti. Sisi tuliomjua tulimwita aje akague mzigo kabla haujafungwa marobota na kupelekwa bandari ya Nansha kupakiwa melini.

Mfukoni hakukosa roli la vishale vyekundu, stika ndogo zisizozidi punje ya mahindi. Kila alipokuta kasoro alibandika kishale kinachoielekea. Hakuchana nguo wala hakumgombeza fundi. Alimwita mwenye mali, akamwambia, "Mimi naonyesha tu. Kukubali au kurudisha ni kwako." Na ukikubali, kuitikia kwa kichwa hakukutosha. Ilikuwa lazima utamke kwa kinywa chako: "Nimeiona. Pakia." Bila maneno hayo hakuruhusu hata soksi iingie kwenye robota.

Siku moja Mkenya mmoja wa Nairobi, mtu wa mashati, alikataa kuyasema. Mkaguzi alikuwa amebandika vishale kwenye makwapa karibu mzigo mzima.

"Buda, hii iko fiti," Mkenya akasema. "Nani atacheki ndani ya kwapa?"

"Mvaaji atakayenyoosha mkono kumsalimia mkwewe."

"Aah, Mzee, wacha hizo. Meli inaniacha."

"Basi sema umeiona."

Mwenye karakana, yule mama tuliyemwita laoban kama wanavyoitwa mabosi wote kule, alikuwa akizunguka meza na kurudia "mei wenti, mei wenti", hakuna shida, hakuna shida. Lori liliwashwa, likazimwa, likawashwa tena. Mkenya alishinda pale tangu asubuhi mpaka watu wakaenda kula na kurudi. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba ameiona na wapakie. Mkaguzi akamshika mkono na kumshukuru. Baadaye nilimuuliza kwa nini anawatesa watu hivi kwa maneno mawili. Akasema mtu akishasema ameona, hawezi tena kumlaumu fundi, wala meli, wala Mungu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na usidhani alikuwa mtu mgumu wa kila upande. Hakula nyama wala samaki. Hata mezani ukikaa naye na kuku wako, alihamisha kiti. Lakini juu ya kabati lake kulikuwa na chupa ya dagaa wa Mwanza, iliyofungwa vizuri. Hakumla hata mmoja. Siku akiikumbuka Mwanza alifungua kifuniko, akavuta harufu, akafunga. Nilipomcheka alisema dini yake imemkataza kula, haikusema lolote kuhusu kunusa. Nami kila nilipokwenda nikambebea dagaa wapya, nikijua nabeba harufu tu.

Jumapili, nikitoka kanisani, nilipanda ngazi zile tano nikala kwake. Alipika dengu na wali katika sufuria moja nyeusi isiyokuwa na mkono, akanipakulia mimi kwanza. "Kula, mwanangu," alisema, ingawa nilikuwa na wajukuu. Nimekula katika sufuria ile kwa miaka kumi na mmoja.

Na tukila, alizungumza kuhusu mji wake.

Ulikuwa mji mdogo wa India, kando ya mto, mbali sana na bahari. Jina lake nililitamka vibaya kila nilipojaribu, akachoka kunisahihisha, basi tukauita Mjini. Historia yake alinipa kipande kipande, mtaa mmoja kwa kila mzigo. Nilipokuwa nachukua magauni, nilipewa wapaka rangi. Hao ndio walioanzisha mji, maana maji ya sehemu ile yalishika rangi ya bluu kuliko maji ya juu au ya chini. Wakaja wavushaji wenye mitumbwi, kwa sababu vitambaa vilitakiwa ng'ambo. Wakaja wauza nafaka kuwalisha hao wote. Wakaja wafumaji Waislamu, wakajenga msikiti kutazamana na hekalu, na wazee wa pande zote mbili wakanyolewa na kinyozi mmoja, kwa hiyo hakuna siri iliyodumu.

Halafu likajengwa daraja, ila si pale. Lilijengwa chini, mwendo wa nusu siku kwa miguu, kwa kuwa huko kulikuwa na mwamba imara. Barabara ikalifuata daraja, soko likaifuata barabara. Rangi za kiwandani zikaja kwa mifuko. Mafuriko yakauchukua mtaa wa chini, nyumba na visima, na waliobaki hawakujenga tena. Siku hizi treni inapita kwa mbali, haisimami. Alipofika hapo alisema kila mara, "Mwamba tu, Mama Singida. Mungu angeweka mwamba kwetu, mimi na wewe tusingejuana." Nikimwambia basi tumshukuru Mungu kwa kuuweka kwingine, hakucheka.

Kuliko historia, alichokipenda ni idadi ya watu. Mjini walikuwa na desturi yao. Mvua zikiisha na mto ukipungua, zile ngazi za mawe zinazoshuka majini huonekana tena. Siku inatangazwa. Kila nyumba inaleta jiwe jeupe kwa kila mtu wake aliye hai, hata aliye mbali, na kuyapanga kwenye ngazi ya nyumba yao. Kinyozi anapita anahesabu. Jua likifika utosini anasema namba kwa sauti, kisha mawe yote yanasukumwa mtoni. Wafu hawana jiwe. Na aliye mbali hawezi kujiwekea mwenyewe, lazima awekewe na mtu wa nyumba yake. Nikamuuliza, mtu wa nyumba ni nani, wa damu? Akasema hapana, hata mke si damu. Mtu wa nyumba ni yule aliyekula katika chungu cha nyumba hiyo.

Kila mwaka kinyozi alimpigia simu kumpa namba. Mkaguzi alikuwa na kipande cha kitambaa cha marekani, kirefu kama mkanda, na namba hizo alizishona humo kwa uzi wa bluu, mwaka chini ya mwaka. Alichora kwanza kwa chaki ya fundi, kisha akashona, kisha akafumba macho na kupitisha ukucha. Zilikuwa zikipungua. Nilimwona akishona namba ndogo kuliko ya juu yake, mwaka baada ya mwaka, na uso wake haukubadilika, kwa sababu ndani ya kila namba na yeye alikuwemo. Kwanza aliwekewa jiwe na mama yake. Mama alipofariki, akawekewa na mke wa kaka yake, mjane.

Sasa utauliza kwa nini hakwenda mwenyewe. Hata mimi niliuliza, na kila mwaka alisema mwakani. Mwaka huu mizigo ni mingi, mwaka huu goti linauma. Mtu aliyeweza kusimama nusu siku kwa ajili ya kwapa la shati alishindwa kupanda ndege kwenda kwao. Nadhani aliogopa. Mara moja aliniambia kwamba akiwa Kangle anaufahamu mji wote, kila mtaa na watu wake, ila akienda atauona uliobaki. Baada ya hapo sikumchokoza tena.

Kisha yule mke wa kaka yake naye akafa. Nyumba ikafungwa kwa kufuli, ufunguo akapewa kinyozi. Mvua zilipoisha mwaka ule simu ikaja, namba ikatajwa, na kinyozi akamwambia ukweli: ngazi ya nyumba yenu haikuwa na jiwe. Mkaguzi hakuishona namba ile. Nilimkuta na marekani mapajani na sindano haina uzi. "Sipo, Mama Singida," aliniambia. "Wamehesabu, na mimi sipo." Nililia kuliko yeye.

Mwaka uliofuata alinisikia nikisema nitapitia India kuangalia mashuka. Aliningoja nimalize kula. Halafu akasema, "Umekula chungu changu."

"Nimekula, Mzee."

"Basi wewe ni wa nyumba. Nimemuuliza kinyozi, amekubali. Siku ya mawe ukiwa kule, niwekee langu. Okota pale walipokuwa wakifua wapaka rangi, jiwe la pale ni jeupe zaidi. Sikuombi kingine."

Nikamwambia Mzee, hilo ni jambo dogo. Nililisema hivyo kabisa, jambo dogo.

Nilikuwa na suruali za jinzi kwenye karakana moja ya Xintang wakati huo, oda yangu kubwa kuliko zote nilizowahi kuweka. Siku tatu kabla ya safari nikaenda kuziona, nikafumba macho kama alivyonifundisha, nikapitisha kidole kwenye mshono wa katikati ya miguu, kikakwama. Kila suruali ya tatu, mshono umeruka. Laoban wa huko akasema watarekebisha, nimwachie. Ningeweza kubandika vishale, nikasema nimeiona, pakia. Ningeweza kumwachia wakala wangu wa mizigo asimamie. Lakini nilijiona mwanafunzi hodari wa Mkaguzi, siwezi kupeleka kasoro Singida. Nikabadilisha tiketi, nikawasimamia mafundi siku mbili mpaka suruali ya mwisho. Nikapiga hesabu ya ndege na treni, nikaona nitafika alfajiri ya siku yenyewe. Sikuiwekea treni nafasi ya kuchelewa, mimi niliyekulia Singida kwenye kituo cha treni.

Nilifika siku iliyofuata, saa nne asubuhi. Ngazi zilikuwa tupu, zimelowa. Mto wenyewe ulikuwa mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na mtu mmoja alikuwa akiogesha nyati. Kinyozi alikuwa mzee mwenye Kiingereza cha kuokoteza kama changu. Alinitambua kabla sijajitambulisha, maana ni nani mwingine angekuja pale mwenye ngozi yangu. Akaniambia kwamba aliningoja mpaka jua likapita utosini, na watu wakaanza kunung'unika.

Nikamwomba niweke hata sasa. Jiwe moja tu, yeye aongeze moja. Akatikisa kichwa, na machoni naona ilimuuma. "Mto umeshaambiwa," alisema. Akanipa chai. Akanionyesha nyumba: mlango wa bluu, kufuli lenye kutu. Nilikwenda mahali pa wapaka rangi nikaokota jiwe jeupe, nikaliweka kizingitini, nikijua kwamba kizingitini si ngazini. Wakati wa kuagana alinipa namba ya mwaka ule niipeleke, kwa kuwa Mkaguzi alimwambia asipige simu, atanisubiri mimi. Ilikuwa elfu tatu na ushei. Iliishia na nane.

Niliporudi Kangle alikuwa ameshatunga uzi kwenye sindano. Hakunisalimia hata.

"Iliishia na ngapi?"

Nikasema, "Tisa."

Nataka niseme kwamba niliona huruma, na ni kweli. Lakini niliona aibu zaidi. Nilijua neno la kwanza atakaloniuliza ni kwa nini nilichelewa, na mimi ningejibu suruali. Akaishona ile namba mbele yangu, tarakimu kwa tarakimu, na midomo yake ilikuwa ikicheza kama ya mtu anayesali. Akafumba macho akapitisha ukucha. Nilisimama pale nikingoja ukwame kwenye ile tisa. Haukukwama. Akanipakulia wali, nikala, na kila tonge lilishuka kwa maji.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu mimi ilikuwa ndefu. Safari mbili zilizofuata sikumpigia simu. Nilitumia mkaguzi mwingine, kijana wa Kichina anayekagua kwa kupiga picha. Niliwaambia watu kwamba ngazi za Mzee zinanichosha. Nikipita Kangle nilipita upande mwingine wa barabara, mwanamke mzima, mzee wa kanisa, najificha nyuma ya mikokoteni ya vitambaa.

Kisha Mkenya wa mashati akanitumia ujumbe wa sauti: "Mama Singida, Mkaguzi alilazwa. Ametoka saa hii, lakini wanamhamisha kabisa. Enda umuone."

Nilikwenda mchana. Kangle yenyewe ilikuwa imeanza kuhamishwa. Karakana nyingi zilikuwa zimefungwa, mashine zimebebwa, chini kumejaa vipande vya nyuzi. Nilipanda ngazi zile tano na hakuna mlango uliokuwa na sauti ya cherehani. Nilimkuta amekaa kitandani na begi moja wazi miguuni, amekonda, shati limekuwa kubwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri, nafunga mzigo."

Mpwa wake angekuja siku ya pili kumchukua, kwenda kuishi naye katika jiji moja kubwa la India, mbali na Mjini. Nilipomuuliza kinyozi hajambo, akasema alifariki kabla ya mvua kuisha. Hakuna aliyekubali kuhesabu baada yake. Siku haikutangazwa, mawe hayakuwekwa. "Kwa hiyo ile uliyoleta wewe," alisema, "ndiyo ya mwisho."

Nilijishughulisha na nguo zake. Nikakunja mashati, nikaifunga sufuria nyeusi kwenye taulo. Chupa ya dagaa alinirudishia, kwa sababu nyumbani kwa mpwa hawataivumilia. Alikuja kuinua kile kipande cha marekani mwishoni kabisa, akakikunjua juu ya magoti yangu.

"Kagua," akasema.

"Mimi, Mzee?"

Akanionyesha mkono wa kulia. Ukucha haukuwepo. Waliukata hospitali, muuguzi alidhani anamsaidia. Dole gumba lilionekana kama la mtu mwingine.

Basi nikafumba macho. Nikaanza juu, kwenye namba za miaka ambayo sikumjua, nikashuka. Uzi ulikuwa umekaa vizuri, hakuna kilichoruka. Nilipita mwaka ule ambao hakushona kitu, nafasi tupu ya vidole viwili. Nikafika namba ya mwisho. Ilikuwa imeshonwa vizuri kama zile nyingine, na kidole hakikukuta tatizo lolote. Ningeweza kusema iko sawa. Nilimsikia akipumua kwa shida, akingoja.

"Hapa," nikasema.

Hakuniuliza kuna nini. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea mfuko wa shati, anahangaika kutoa kitu.

"Sikuwahi, Mzee," nikasema. "Nilifika mawe yameshaingia mtoni. Kinyozi alinipa nane. Mimi ndiye niliyekupa tisa."

Nje mtu alikuwa akiburuta chuma kwenye sakafu.

"Zile suruali za Xintang?"

"Ndiyo. Mshono uliruka."

"Zilitoka safi?"

"Zilitoka safi, Mzee. Hakuna iliyorudishwa." Na hapo nikashindwa, nikalia, machozi yakaingia mdomoni.

Alichokuwa akikitafuta mfukoni ni lile roli la vishale. Lilikuwa limebaki kidogo sana. Akaniwekea mkononi, akanifunga vidole juu yake. Nilibandua kimoja. Kikaninasa kwenye kidole mara mbili kabla sijakibandika kwenye marekani, kikiielekea tisa.

Akakivuta kitambaa karibu na uso wake. Aliitazama ile namba macho wazi, kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwahi kukagua kwa macho. Kisha akakikunja mwenyewe, polepole, kishale kikiwa ndani, akanipa.

"Nimeiona," alisema. "Pakia."